Mke wangu alipimwa peke yake

Nyumbani kwetu Kibosho, msichana akiolewa anaitwa bi harusi mpaka ajifungue. Siku akipata mtoto anakuwa mama fulani, na jina la bi harusi linamsubiri atakayeolewa nyuma yake. Mke wangu aliitwa bi harusi kwa miaka minane. Wadogo zangu wawili walioa baada yangu, wake zao wakalivaa jina hilo, wakalivua, yeye bado analo. Hakuna aliyekusudia kumwumiza. Mama alikuwa akiita tu kutoka jikoni, "Bi harusi, nisogezee huo mwiko," nami nikiwa nje na wanaume namwona anavyokawia kuitika.

Tulifunga ndoa Desemba 2011, msimu ambao Wachaga wa kila mji wanakuwa wamepanda kurudi nyumbani. Nilikuwa na miaka 31, mwenzangu 28. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Majengo hapa Moshi mjini. Yeye ni fundi cherehani. Ninachotaka kueleza ni habari ya kipimo cha mbegu za mwanaume. Kingetuchukua asubuhi moja, kwa pesa isiyofika bei ya pakiti mbili za vijiti vya kuchomelea, na mimi nikakichelewesha miaka mitano. Katika muda huo mke wangu alikunywa dawa, akakandwa, akaombewa, akachomwa sindano na kupimwa, yote hayo peke yake.

Mwaka wa kwanza hatukuwa na wasiwasi. Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba ukichukua wanandoa 100 wenye afya, wanaokutana kila baada ya siku mbili au tatu bila kinga, zaidi ya 80 watapata mimba ndani ya mwaka, na wengi wa waliobaki watapata mwaka wa pili. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linahesabu miezi 12: mkikutana mara kwa mara bila kinga muda huo wote na mimba haijaingia, nendeni mkapimwe. Hayo maneno "mara kwa mara" yana uzito wake. Jirani yetu mmoja wa Pasua alikuwa ameshaitwa tasa na ukoo mzima wa mumewe, wakati mume anachimba Mererani na anarudi nyumbani Pasaka, Krismasi na siku za misiba. Yule dada hakuwa na ugonjwa wowote. Mume aliporudi kufanya biashara Mbuyuni, mwaka haukuisha.

Ila sisi hatukupaswa kusubiri hata huo mwaka. Mke wangu akiwa kidato cha tatu alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na kilikuwa kimeshapasukia ndani kabla hajafikishwa hospitali. Kovu lake nililijua tangu siku ya kwanza. Haikunijia akilini kwamba linaweza kuwa na uhusiano na mtoto. Usaha ukimwagika tumboni unaweza kuacha makovu yanayoshika mirija ya uzazi, yai likakosa njia. Mwenye historia ya namna hiyo anatakiwa aende mapema. Vivyo hivyo aliyewahi kuugua PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija, au magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia, aliyepata mimba ikatunga nje ya kizazi, na yule ambaye hedhi yake inaruka miezi au inamlaza kitandani kwa maumivu. Umri nao una hesabu yake: mwanamke aliyefika miaka 35 anapewa miezi 6, na aliyefika 40 hapewi muda wa kusubiri kabisa. Kwa upande wetu wanaume kuna aliyezaliwa korodani haijashuka, aliyeugua matubwitubwi baada ya kubalehe yakamvimbisha mpaka korodani, na aliyewahi kutibiwa saratani. Kama hayo yanakuhusu, nenda hata kama harusi ilikuwa jana.

Mwaka 2013 maneno yalianza. Dada yangu alisema ni sindano za uzazi wa mpango ambazo wifi yake alichoma kabla ya ndoa. Hakuwahi kuchoma. Na hata angechoma, sindano ile inaweza kuchelewesha mimba miezi kadhaa ukishaiacha, kijiti au kitanzi kikitolewa uzazi unarudi upesi, na hakuna hata kimoja kinachoua kizazi. Mama yeye akasema ni chango. Akampata bibi mmoja wa kukanda tumbo, ambaye alimpa dawa mbili, ya kunywa na nyingine ya kuweka ukeni usiku, eti kusafisha kizazi. Usiku wa nne mke wangu alikuwa na homa, amejikunja, mikono iko chini ya kitovu. Tulikwenda kutafuta mtoto tukarudi na maambukizi. Mama yangu namheshimu, na mitishamba mingine ninakunywa mwenyewe, lakini kuingiza unga wa mizizi mahali pale sitamwambia mtoto wa mtu yeyote afanye.

Maombi sikuyakataa na hata leo nasali. Padre aliyetusaidia kuliko wote ni yule aliyetuwekea mikono, kisha akatuuliza tumeshapimwa wapi. Tulipokosa jibu akasema, "Basi nendeni, mtasali mkiwa njiani."

Machi 2015 mke wangu alikwenda kliniki ya magonjwa ya wanawake bila kuniambia, kwa pesa ya sare za shule alizoshona Januari. Daktari, mama wa makamo, alimsikiliza mpaka alipofika kwenye kidole tumbo, akaweka kalamu chini, akauliza maswali mengi juu ya hilo. Mwishoni akamwuliza, "Na baba yuko wapi?" Mke wangu akajibu yuko kazini. "Nitakupima mama, lakini kipimo cha kwanza ni cha kwake. Ndicho chepesi kuliko vyote."

Jioni ile karatasi aliiweka mezani, akaikandamiza na kopo la sukari isipeperuke. Iliandikwa maneno matatu: mume apimwe mbegu. Nilikula chakula changu chote macho yangu yakiikwepa. Nilipomaliza nikamwambia, "Mimi mzima, kwani hunioni?"

Hapo ndipo wanaume wengi tunakwama, na Kiswahili chenyewe kimeshatutenganishia jambo hili tukalipuuza. Hanithi ni neno moja, mgumba ni neno lingine. Nguvu za kiume hazikuambii kitu kuhusu mbegu. Mbegu ni sehemu ndogo sana ya majimaji yanayotoka, na mtu anaweza kufanya tendo lake barabara maisha yake yote na ndani yake hamna mbegu hata moja, wala kwa macho hutaona tofauti. Wengine wanajikinga kwa kusema, "Mimi nina mtoto wa ujanani." Mtoto wa ujanani anathibitisha kwamba mbegu zilikuwepo ujanani. Mimi hata huyo sikuwa naye wa kujificha nyuma yake, nilikuwa na hofu tu. Katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, mwanaume ana sehemu yake katika tatizo, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Sikulijua hilo, na kama ningelijua nadhani bado ningekataa.

Krismasi ya mwaka huo walikaa kikao. Baba mkubwa alizunguka kwanza, akasifu pombe ya mbege, akasifu mvua, halafu akasema, "Kihamba hakirithiwi na mgomba, mwanangu. Kinarithiwa na mtu." Kihamba ni shamba la ukoo. Mwingine akaongeza kwamba mwanaume anaweza kutazama pembeni kidogo bila kuvunja nyumba. Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika sinia la nyama. Wote tulimwona. Nilikuwa na karatasi ya daktari ya miezi tisa, nyumba yangu nzima ilijua nani amekataa kupimwa, na nikanyamaza. Tulishuka Moshi kesho yake kwa Hiace, amekaa dirishani, mpaka tunafika stendi hajasema neno.

Mwaka 2016 alizunguka vituo binafsi. Kimoja, ambacho sitakitaja, kilimpa vidonge vya kupevusha mayai miezi sita mfululizo bila kuuliza habari zangu. Vidonge hivyo ni dawa ya kweli kwa mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki. Tutakuja kuona kwamba yake yalikuwa yanapevuka. Alikuwa anapata joto la ghafla usoni na kichwa kumwuma, akaendelea kushona.

Kilichonitoa ni daftari. Februari 2017 mteja alikuja kuulizia vipimo vya gauni lake mke wangu akiwa sokoni, nikafungua daftari lake la vipimo kumtafutia. Nyuma kabisa, kurasa za mwisho zilizogeuzwa juu chini, kulikuwa na tarehe. Tarehe tupu, zimepangwa kwa safu, wino mweusi, wino wa bluu, mahali pengine penseli ya kuchorea kitambaa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni siku zake, kuanzia Januari 2012. Nilizihesabu. Zilikuwa 66. Mara 66 alikuwa amesubiri, akaona damu, akafungua daftari akaandika, kisha akageuza upande wa mbele akaendelea na kiuno na kifua cha wateja. Nilifunga daftari nikaenda kukaa nyuma ya karakana. Jumatatu nilikwenda.

Kwa mwanaume anayeogopa kipimo chenyewe, kiko hivi. Unaambiwa usikutane na mwanamke wala kutoa mbegu kwa siku zisizopungua 2 na zisizozidi 7. Unapewa kikopo safi chenye kifuniko. Sampuli unaitoa mwenyewe kwa mkono, bila sabuni, bila mate, bila mafuta na bila kondomu ya kawaida, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuua au kuharibu mbegu. Tone la kwanza lisimwagike, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Ukishindwa pale hospitali, unaweza kutolea nyumbani ilimradi ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imebebwa karibu na mwili isipoe. Aliyenipokea maabara alikuwa binti mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaandika saa kwenye kikopo kama ninavyoandika urefu wa bomba, akasema, "Saa nane mchana majibu, kaka."

Milioni 4 kwa kila mililita. Karatasi ilionyesha pembeni kwamba kiwango cha chini ni milioni 15. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limekisogeza kuwa milioni 16. Zinazokwenda mbele vizuri zilikuwa 12 katika kila 100. Daktari hakunihukumu kwa karatasi moja. Mwili wa mwanaume unachukua takribani miezi miwili na nusu kutengeneza mbegu mpya, kwa hiyo malaria kali ya miezi miwili nyuma inaweza kukushusha majibu leo. Alinirudisha Mei. Zilikuwa milioni 5.

Akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Nilivuta sigara? Ndiyo, nusu pakiti. Pombe? Moto wa kazi? Nilishawahi kutumia sindano za homoni za kiume za kujaza misuli? Hilo nilikataa, akanieleza kwamba vijana wengi wa mazoezi hawajui kuwa homoni hiyo ikiingizwa kutoka nje, mwili unaacha kutengeneza mbegu. Kisha akanisimamisha, akanikagua, akaniambia nikohoe. Upande wa kushoto wa korodani, juu, palikuwa na mishipa ya damu iliyovimba, ukiishika ni kama fundo la tambi. Mimi nilikuwa naisikia kila jioni pakiwa pazito baada ya kusimama kutwa, nikidhani ni uchovu wa kazi. Wanaita varikoseli. Damu inatuama pale, joto linapanda, na mbegu hazipendi joto. Ndiyo maana Mungu ameziweka nje ya mwili. Wanaume wengi wanayo na wanazaa, karibu 15 katika kila 100. Lakini wanaume wanaokuja hospitali kwa kukosa mtoto, ukiwapima, zaidi ya 30 katika kila 100 utawakuta nayo. Inatibika kwa upasuaji usio mkubwa.

Kutoka karakana yangu mpaka hospitali ya rufaa ya KCMC ni mwendo wa bajaji. Hospitali ile imefunguliwa 1971, kabla sijazaliwa, na wagonjwa wanaifuata kutoka Tanga, Manyara na Singida wakilala njiani. Mimi nilikuwa naiona paa lake nikipeleka mageti Shanty Town.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani nilipomkabidhi majibu. Alisoma mara mbili. Akasema, "Kumbe tuko wawili." Akaendelea kushona kipande alichokishika mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, ndipo akalia.

Kumwambia mama kulinishinda nguvu kuliko kikopo. Nilipanda Kibosho siku ya kazi makusudi, ili nimkute peke yake. Alikuwa anamenya ndizi mchare. Nilimweleza polepole, kwa maneno ya daktari, kwamba tatizo kubwa liko kwangu, kwamba hakuna chango, kwamba bi harusi amebeba miaka mitano aibu ambayo haikuwa yake. Mama aliendelea kumenya. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Aliuliza swali moja tu: "Na ile siku ya kikao, wewe ulikuwa unajua?" Nikamjibu kwamba sikuwa nimepimwa, lakini karatasi nilikuwa nayo. Hakunijibu. Nilitegemea atanitetea, maana ni mama. Hakunitetea, na leo namshukuru kwa hilo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, aligonga mlango wetu Majengo. Ameshuka peke yake, na ndani ya kanga ameshika jani la isale lililofungwa fundo, amelikata kwenye mpaka wa kihamba. Asiyekuwa Mchaga aelewe: isale ukiletewa huwezi kulikataa. Mtu akikujia nalo amekuja kuomba radhi kwa uzito wake wote, na ukoo umesimama nyuma yake. Wakwe hawaleti isale kwa wake wa watoto wao kila siku. Mke wangu ni wa Marangu, alijua anachokiona. Alipiga magoti haraka kumwahi, mama naye anainama, wakakutana sakafuni. Mimi nilitoka nje nikawaacha.

Nilipasuliwa Juni 2017. Sigara niliacha wiki hiyo hiyo. Septemba mbegu zilikuwa milioni 9, Desemba milioni 14.

Wakati huohuo, kwa mara ya kwanza, daktari alikuwa na picha ya watu wawili mbele yake. Lile daftari alilipenda kuliko vipimo vingine vyote. Mzunguko wa mke wangu ulikuwa wa siku 27 hadi 29, mwezi baada ya mwezi, na mwanamke mwenye mpangilio wa namna hiyo karibu kila mara mayai yake yanapevuka. Damu ya homoni ikathibitisha. Wale waliompa vidonge miezi sita wangeuliza tu daftari. Na sisi tulikuwa tunakosea siku. Nilikuwa nimeambiwa na wenzangu kwamba mwanamke anashika mimba anapomaliza tu hedhi, tukawa tunajitahidi siku hizo kisha tunapumzika. Yai linatoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata na linaishi chini ya siku moja, wakati mbegu zinaweza kulisubiri ndani mpaka siku 5. Kwa hiyo siku zenyewe ni zile tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe linapotoka.

Alifanyiwa pia eksirei ya mirija, ile ya kupitisha dawa kwenye mlango wa kizazi na kupiga picha ikipita. Inafanywa hedhi ikishakwisha, kabla yai halijatoka. Inauma, tusidanganyane, alinishika mkono akauminya mpaka ukafa ganzi. Mrija wa kulia ulikuwa umeziba. Wa kushoto ulikuwa wazi, na daktari akasema mmoja unatosha. Mrija ulioziba kwa kovu haufunguliwi na unga wala chai ya aina yoyote. Wanaouza vitu hivyo kwenye simu wanauza maneno.

Mwaka 2018 alishika mimba, ikatoka wiki ya 9. Sitaandika zaidi juu ya hiyo.

Binti yetu alizaliwa Machi 2020, wiki mbili kabla ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha. Mama alishuka na mikungu miwili ya mchare, akakaa miezi mitatu akimpikia mkwewe mtori asubuhi na jioni. Siku za mwanzo alikuwa anasahau, anaita "Bi harusi," kisha ananyamaza, anaanza upya kwa jina la mtoto. Siku hizo nilikuwa nasimama mlangoni kwa ajili ya kusikia tu.

Wa pili hajaja. Tulianza kujaribu mwaka 2022, mke wangu akiwa na 39. Safari hii tulikwenda wote wawili, tena mapema, na tukaambiwa akiba ya mayai imepungua sana. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, na baada ya miaka 35 yanapungua kwa kasi, idadi na ubora. Daktari alituelezea juu ya kurutubisha yai nje ya mwili na kulirudisha kwenye kizazi, njia ambayo mtoto wake wa kwanza alizaliwa Uingereza Julai 1978, ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Huduma hiyo ipo Dar es Salaam na Nairobi. Tulipiga hesabu, ikatuonyesha karakana nzima na cherehani juu yake, na uwezekano wa kukosa bado ni mkubwa kwa umri wetu. Tukaamua huyu mmoja anatosha. Uamuzi ni wetu, na tuna amani nao siku nyingi. Siku nyingine namwona binti anacheza peke yake na vipande vya bomba, nakumbuka kwamba Machi 2015, karatasi ilipokuwa chini ya kopo la sukari, mama yake alikuwa na miaka 31.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba duniani mtu 1 katika kila 6 hupatwa na tatizo la uzazi wakati fulani wa maisha yake. Niliisoma nikiwa kwenye Hiace ya Kibosho. Tulikuwa 18. Nikawa natazama visogo vya watu, nikijiuliza wale wawili wengine ni nani, na wameambiwa nini na baba wakubwa zao.

Mmoja alikuwa karakanani kwangu. Kijana ninayemfundisha kazi, ana ndoa ya mwaka mmoja na nusu, mkewe ana 24. Mwezi uliopita aliniomba nimkopeshe shilingi elfu themanini. Nilipomwuliza za nini akasema kuna unga wa kuzibua mirija ya shemeji. Nikamwuliza nani ameiona hiyo mirija ikiwa imeziba. Akacheka. Mimi sikucheka. Nilizima mashine, nikavua glovu, nikamweleza yote haya niliyoandika, na mengine ambayo hapa nimeyaacha. Pesa nikampa, ila ya kazi nyingine.

Jumamosi asubuhi nilimsubiri nje ya maabara. Anakaa mbali, Njia Panda ya Himo, na amekataa katakata kuingia kile chumba cha hospitali, kwa hiyo tulikubaliana atolee nyumbani na anipigie simu dakika hiyo hiyo. Alinipigia saa mbili na dakika tano. Saa mbili na dakika arobaini na tisa pikipiki ikakunja kona, mkewe amekaa nyuma amemkumbatia kwa nguvu, na kijana ameendesha njia nzima na koti la baridi limefungwa mpaka kidevuni, kikopo kiko mfuko wa shati, kifuani. Akashuka anatetemeka, akanipa funguo na kofia.

"Dakika arobaini na nne," nikamwambia. "Dirisha la pili. Shemeji, ingia naye."